Gololi Kwenye Breki

Mjomba alilinunua lile Land Rover, Series III ile fupi, inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa mtu aliyeapa kwamba halijawahi kumlaza njiani. Liling'aa. Rangi mpya ya kijani, matairi yamepakwa weusi, hata boliti za bampa zimepigwa rangi. Lakini kung'aa kwa gari la aina hiyo hakukuambii kitu. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na mtindo huo ukaendelea hadi kwenye Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Chuma kiko kwenye chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari. Kwa hiyo juu unaweza kuona harusi huku chini ni matanga.

Mambo madogo tulikwisha kuyagundua. Tangi la petroli lililo chini ya kiti lilikuwa limezibwa tundu kwa kipande cha sabuni. Hilo mjomba hakulikasirikia hata kidogo. Petroli haiyeyushi sabuni, na mtu akichungulia anaiona, anajua hapa pana tundu, anapanga siku ya kulishusha tangi. Kilichomkera ni fyuzi. Iliungua siku za nyuma, mtu akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuirudisha mahali pake, kifuniko juu. Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla waya haujaungua. Ukiifanyia hivyo, waya wenyewe ndio unaogeuka fyuzi, na waya huo unapita nyuma ya dashibodi, karibu na magoti yako.

Siku yenyewe tulikuwa tunashuka mlima kwa njia ya mawe, mimi kijana bado, kazi yangu kushika tochi na kunyamaza. Tangu tuanze kushuka, kila mjomba alipokanyaga breki gari lilikuwa linavutwa kushoto. Akawa analirudisha kwa usukani, anaguna. Kisha tukasikia kishindo na mburuzo: ekzosi imeanguka. Ilikuwa imening'inizwa kwa waya wa kufungia, na waya umekatika.

Tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukaingia chini.

Ekzosi ilikuwa kazi ya dakika chache. Waya mwingine, mkunjo mwingine. Ila mjomba akishalala chini ya gari hatoki haraka. Akaanza kugonga chasisi kwa mpini wa bisibisi. Ngo, ngo, ngo, halafu tup. Akarudia pale pale. Tup. Akageuza bisibisi, akasukuma ncha, ikazama yote. Akaivuta ikatoka na ute mweusi wa rangi ya lami, puti, na vipande vya gazeti. Mtu alikuwa amejaza gazeti kwenye tundu la kutu, akasiliba puti, akapaka lami juu yake. Mjomba alijaribu kusoma tarehe kwenye kile kipande cha gazeti, akashindwa, akakitia mfukoni.

"Huyu hakutengeneza gari," akasema. "Alitengeneza mnunuzi."

Ndipo akasema tufungue gurudumu la mbele kulia. Tukapiga jeki, tukatoa gurudumu na ngoma ya breki. Ndani pakavu, vumbi na kutu, kiatu cha breki hakijagusa ngoma kwa muda mrefu. Akalegeza kinipo cha kutolea upepo, akaniambia nikakanyage pedali. Nikakanyaga. Hata tone la mafuta ya breki. Nikakanyaga tena mpaka akaniambia basi. Akafungua nati inayounganisha paipu, na kitu kidogo kikadondoka kiganjani mwake: gololi ya beringi.

Ujanja wake ni huu. Silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu vya breki, inavuja mafuta ya breki. Badala ya kununua silinda, unatia gololi ndani ya kiungo cha paipu na kukaza nati. Gololi inakaa kama kizibo, mafuta hayafiki kwenye gurudumu hilo, hayavuji tena. Kwa nje huoni chochote. Nati ni ile ile, paipu ni ile ile. Kuna mafundi wanaocheka wakisikia haya na kuyaita ubunifu. Mimi siku hizi nashika spana pia, na waya, sabuni na mpira wa tyubu navitetea popote, maana vinajitangaza. Gololi haijitangazi.

Mjomba aliikodolea macho, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akairudisha.

Hakuwa na jinsi. Gari lile lilikuwa na pampu moja ya breki isiyogawanywa, mafuta ya magurudumu yote manne yanatoka njia moja. Tukiitoa gololi, silinda mbovu itamwaga yote na tutabaki bila breki kabisa katikati ya mlima. Akaifuta kwa shati lake, akaipachika, akakaza. Halafu akatafuta kipande cha chaki kwenye sanduku la vifaa akaandika kwenye dashibodi, herufi kubwa: MBELE KULIA HAKUNA BREKI.

Tulishuka kwa gia ya kwanza, ile fimbo yenye kichwa chekundu ikiwa imevutwa nyuma, gia nzito, magurudumu yote manne yanavuta na injini ndiyo inayotuzuia. Mwendo wa kinyonga. Alikanyaga breki mara chache tu, na kila alipokanyaga alikunja uso, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. Magurudumu matatu yalipaswa kushika zaidi ya pale.

Tulipofika alimpigia simu yule aliyemuuzia. Sikusikia salamu zao. Nilimsikia mjomba akisema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba amekuta gololi kwenye paipu ya breki.

Yule bwana alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Ipi, mzee? Ya mbele au ya nyuma?"