Mwongozo wa Programu ya Kuponya Wahusika, Ulioandikwa kwa Ajili ya Wabishi

Programu ndogo tunayoitumia hapa Mbeya kuhesabu uponyaji wa wahusika katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kutupa dadu, ilikaa muda mrefu bila mwongozo wowote, kwa kuwa walioitumia ni wale wale tunaokutana nao Uyole mwishoni mwa wiki, na aliyekwama aliuliza akajibiwa papo hapo. Wenzetu wa Iringa walipoiomba, maelezo yakawa hayakwepeki. Sikutaka kuwaandikia orodha ya vitufe, kwa sababu hakuna mchezaji anayefungua mwongozo ili ajue kitufe cha “Ponya” kinafanya nini. Anaufungua pale namba iliyotokea kwenye skrini inapomuudhi, akitaka kujua imetoka wapi na nani wa kulaumiwa. Kwa hiyo nimeupanga kwa kufuata mabishano.

Bishano kubwa kuliko yote linahusu toleo la kanuni, na ndiyo maana sura ya kwanza haina kitu kingine. Sisi tunacheza kwa kanuni za mwaka 2014, ilhali Iringa wanatumia zile za mwaka 2024, na tofauti zake katika uponyaji ni ndogo kiasi cha kutoonekana mpaka mhusika ahame kutoka meza moja kwenda nyingine. Mfano niliouweka ni wa mpiganaji wa ngazi ya 5, mwenye nyongeza ya ustahimilivu ya 2 na kiwango cha juu cha pointi 44 za uhai, ambaye ametoka vitani akiwa na pointi 9. Katika pumziko fupi, ambalo huchukua angalau saa moja, anaruhusiwa kutumia dadu zake za uhai, yaani akiba ya dadu za kujiponya, moja kwa kila ngazi, ambazo kwa mpiganaji zina pande kumi. Anatupa dadu nne na kupata 3, 8, 1 na 6, jumla 18. Kila dadu inaongezewa ile 2 ya ustahimilivu, hivyo anarudishiwa pointi 26 na kufikia 35. Amebakiwa na dadu moja. Usiku anachukua pumziko refu la saa nane, na asubuhi yake pointi zote 44 zimerudi kwa kanuni zote mbili. Dadu ndizo zinazotofautiana: kwa kanuni za 2014 hurudi nusu tu ya jumla ya dadu zake, na nusu ya tano kwa kushusha ni mbili, kwa hiyo anaamka na dadu tatu, ilhali kwa kanuni za 2024 anaamka na zote tano. Mchezaji asiyejua hilo ataapa kwamba programu imemwibia dadu mbili.

Mfano huo huo unaeleza pia kwa nini kitufe cha pumziko fupi hutupa dadu moja moja badala ya kutupa zote kwa mkupuo. Kanuni inampa mchezaji haki ya kuamua baada ya kila dadu kama ataongeza nyingine, na mtu aliyepata 8 anaweza kuona inamtosha. Waliozoea programu za haraka hulalamika kuhusu hili. Mimi naona kitufe kinachotumia mali ya mchezaji bila kumuuliza ni kibaya, hata kama kinaokoa sekunde tano.

Sura inayofuata ni ya mhusika aliyefikia sifuri. Mpiganaji wetu akiwa na pointi 6 akapigwa pigo la 30, pointi 24 za ziada haziandikwi kama deni. Zinaangaliwa mara moja tu: kama zingefikia 44, yaani kiwango chake cha juu, angekufa hapo hapo, lakini kwa kuwa hazijafika, amezimia tu. Akinyweshwa dawa ya kuponya, ambayo ni dadu mbili za pande nne na kuongeza 2, na dadu zikatoa 2 na 3, anaamka na pointi 7. Majaribio yake yote ya kifo, yaani dadu anazotupa akiwa amezimia ili kujua kama atanusurika au atakufa, yaliyofaulu na yaliyofeli, yanafutwa. Programu huonyesha hesabu hiyo mstari kwa mstari, kwa sababu kuna watu wazima, wengine wenye kazi zao za uhasibu, wanaoamini kabisa kwamba uponyaji lazima ulipe kwanza zile 24.

Dadu zenyewe zimepewa aya moja. Madukani huku tunapata kirahisi zile za ludo zenye pande sita, nazo hazisaidii kitu kwenye dawa ya kuponya, hivyo programu inaweza kutupa yenyewe. Mwenye dadu halisi anaandika alichopata. Yote hufanyika ndani ya simu bila intaneti, na umeme ukikatika mchezo unaendelea mradi simu ina chaji.

Maandishi ya kanuni niliyoyanukuu yanatoka katika hati ya msingi ya toleo la 5.1, ambayo Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, waliiweka chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023. Leseni hiyo inaruhusu kunukuu na kutafsiri ili mradi chanzo kitajwe, nasi tumekitaja kwenye ukurasa wa mwanzo.

Yako pia mambo ambayo programu haiyaamui, na mwongozo unayataja waziwazi. Haijui kama pumziko lilivurugwa na adui. Msimamizi wa mchezo ndiye anayebonyeza “Limekamilika” au “Limekatizwa”. Haijui pia meza yenu inataka majeraha yapone kwa kasi gani. Katika kanuni za mwaka 1979 siku nzima ya mapumziko ilirudisha pointi 1 tu, na mmoja wetu bado anaona huo ndio ustaarabu. Kwa watu wa aina yake upo mpangilio wa hiari, unaotokana na kitabu cha msimamizi cha 2014, ambapo pumziko fupi huwa saa nane na refu huwa siku saba. Msimamizi anauwasha kabla ya kisa kuanza, na ukishawashwa hauzimwi mpaka kisa kiishe.