Bia yenye mwenyewe

Kinachonivuta kwenye jioni za bia ya mkono hapa Lubumbashi ni kitu kimoja: mwenye bia yupo. Anasimama nyuma ya ndoo yake au chupa zake, anakumiminia mwenyewe, kisha anakungoja useme neno. Ukimwuliza ni nafaka gani, maji ya wapi, ililala muda gani, anajibu bila kwenda kuuliza mtu. Nikirudi nyumbani huwa nina hamu ya kuandika palepale kabla ladha hazijachanganyika kichwani, na leo naandika hivyo.

Bia za kiwandani nazinywa pia, wala sizisemi vibaya. Simba na Tembo zinatoka hapahapa mjini, kwa Brasimba, na Tembo, ile ya rangi ya kahawia, ndiyo iliyonionyesha kwanza kwamba bia inaweza kubeba ladha ya nafaka iliyokaangwa. Lakini kwenye nganda, yaani baa za mtaani, tunaongea mpira, tunaongea siasa, tunaongea bei ya unga. Juu ya bia yenyewe hakuna la kuongea, maana hakuna mezani aliyeipika. Kwenye lupangu, ule ua wa nyumba ya mtaa wa Bel-Air tunakokutania, mazungumzo yanaanzia kwenye glasi na yanakaa hapo muda mrefu.

Mwaliko unapita kwa simu, mtu kwa mtu. Ni Jumamosi, jua likishapungua, chini ya miembe ya mwenye lupangu. Viti vya plastiki, mbabula (majiko) mbili, moja ya michopo, nyama ya kuchoma, na moja ya kukaangia vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, muziki wa chini. Glasi ni ndogo, za kuonja, na ni sheria ya mwenye nyumba: anayekuja na gari anaiacha au anakuja na mtu asiyekunywa. Sheria yake nyingine ni kwamba lutuku, ile pombe kali ya kutoneshwa, haiingii. Ameshawaona watu walioharibiwa nayo na hataki mjadala. Mimi naona ana haki. Kinywaji kilichotoneshwa motoni na mtu usiyemjua, huwezi kujua kimebeba nini.

Leo nimekaa zaidi kwa mama wa munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi ya porini; anatoka Kenya, komini ya hapahapa mjini. Alikuja mapema na sufuria lake ili watu waone kazi yenyewe. Uji wa unga wa mahindi alikuwa ameshaupika. Akaupasha tena kwenye mbabula ukawa mzito wa kushika mwiko, akauepua, akauacha. Hana kipimajoto. Anaweka kiganja ubavuni mwa sufuria, anakiacha hapo kidogo, anakitoa, anangoja, anarudia. Alipoona inatosha, kijana mmoja alitumbukiza kipimajoto chake: digrii 61. Mama hakukitazama. Alikuwa ameshachukua fungu la mizizi aliyoiponda kwa mchi mpaka imebaki nyuzi tupu, akaizamisha yote kwenye uji, akaanza kukoroga.

Mwanzoni mwiko ulikuwa unamlemea, mabega yote yanafanya kazi. Baada ya muda mkono ukaanza kwenda wenyewe. Ule uji uliokuwa unasimama ukalegea, ukang'aa juu, ukatiririka, ukawa kinywaji mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeongeza hata tone la maji. Nilipoonja, utamu ulikuwa umeshaingia. Mtoto wa jirani aliyekuwa anachungulia naye akaonjeshwa, akasema kwa sauti, "Mama, ulitia sukari!"

Mama akamjibu bila kuacha kukoroga: "Sukari iko mu mahindi. Muzizi njo inaitosha."

Yaani mzizi ndio unaoitoa. Jibu hilo ndilo kemia yenyewe. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na chachu haiwezi kuula mpaka ukatwe vipande. Ulaya wanaukata kwa kimea: shayiri inalowekwa, inaota, na katika kuota inatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga. Mizizi ya munkoyo ni ya mimea ya jamii ya kunde, kama Rhynchosia na Eminia, inayoota kwenye miombo ya Katanga na Zambia, nayo ina vimeng'enya hivyo tayari, tena vya aina zote mbili ambazo mpika bia anavitafuta: alfa-amilasi na beta-amilasi. Uji ukiwa unachemka, vinakufa. Ukipoa mno, vinachelewa. Kiganja cha mama kinajua pale katikati. Watu wa milima ya Andes walitafuna mahindi na kuyatema, mate yao yakafanya kazi hiyo. Wachina na Wajapani walitumia ukungu unaooteshwa kwenye nafaka. Wazee wetu waliona kwamba kuna mzizi porini. Nani alikuwa wa kwanza kuuponda na kuutia kwenye uji, na alikuwa anatafuta nini? Ningempa glasi ya kwanza kila Jumamosi.

Baada ya hapo mizizi inatolewa, sufuria linafunikwa, na usiku unafanya kazi yake. Wanaingia bakteria walewale wanaogandisha maziwa, chachu za hewani na za chombo nazo zinafuata. Ile tuliyokunywa ilikuwa ya sufuria jingine, alilolileta limeshalala. Nikamwuliza, "Mama, hii ni ya lini?"

"Ya jana mangaribi. Kesho itakuwa makali, haitakuwa tena ya batoto."

Uchachu wake ulikuwa mwepesi, wa kuamsha mate, na nyuma yake harufu ya mizizi, ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Kilevi ni kidogo mno siku hiyo. Watoto na wajawazito wa mtaa wanakunywa munkoyo changa kama chakula. Nilimaliza glasi, nikaomba nyingine, na sikuona haraka ya kwenda kwenye chupa.

Lakini chupa nazo zina mwenyewe. Upande wa pili wa meza kuna kijana wa bia ya shayiri, anayepikia jikoni kwa mama yake. Chupa zake ni za kawaida, anazikusanya, anazichemsha, anazifunga vizibo vipya kwa mashine ya mkono. Anachopenda kueleza kabla ya yote ni maji. Kisima cha lupangu lao kinatoa maji ya chokaa. Birika la nyumbani lina ukoko mweupe ndani, amelileta tulione. Bia ni maji zaidi ya sehemu 90 kwa 100, kwa hiyo ukoko huo uko ndani ya kila anachopika. Bia ya rangi ya dhahabu ilikuwa inamtokea na ukakasi unaong'ang'ania ulimi. Akahamia bia nyeusi, kwa kuwa kimea kilichokaangwa kina asidi inayotuliza chokaa. Husimuliwa kwamba watu wa Dublin, kule Ireland, walifika kwenye bia nyeusi kwa njia hiyo; na Plzeň, kule Bohemia, maji ni laini, ndiyo maana 1842 ikazaliwa huko bia ya dhahabu ambayo Simba na Primus zinatoka katika ukoo wake. Nilipenda kusikia haya huku nimeshika glasi. Kisima cha Kampemba, komini yake, kimeamua rangi ya bia ya Kampemba.

Joto nalo linaamua. Chachu ya bia za aina ya Plzeň inataka baridi ya digrii kama 10 kwa majuma, na friji hapa inategemea umeme ambao hauna ahadi. Kijana anatumia chachu ya bia za zamani zaidi, inayoridhika na digrii 18 hadi 22. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni baridi ya kujifunika blanketi mbili. Hiyo ndiyo miezi yake. Oktoba, jua linapochoma kabla ya mvua, hapiki kabisa. Anasema chachu ikipata joto inatoa harufu ya ndizi kwanza, kisha harufu ya rangi ya kucha, na hakuna wa kuiondoa.

Kinachompa shida zaidi ni hopsi, ua linalotia bia uchungu na kuilinda isiharibike. Mmea wake unataka siku ndefu za kiangazi za nchi zilizo mbali na ikweta. Sisi tuko kwenye digrii 11 na kitu kusini, na siku zetu hazirefuki vya kutosha. Karibu hopsi yote ya Afrika inalimwa Afrika Kusini, karibu na mji wa George, na hata huko ilibidi wazalishe mbegu zinazovumilia siku fupi. Yake inafika kwenye begi la mtu, au na dereva anayepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ikikosekana, hapiki.

Hapo ndipo panaponigusa. Jioni za mwanzo, meza ya chupa iliwekwa katikati, na munkoyo ikawekwa pembeni karibu na bomba, "kwa ajili ya watoto na wasiokunywa". Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Lakini nilikuwa naangalia watu wakipiga picha za chupa na kupita mbele ya sufuria bila kusimama. Anayetegemea kimea cha nje, chachu ya nje na hopsi ya nje anaitwa fundi wa bia. Anayetengeneza kinywaji chake chote kwa vitu vya Katanga, kwa ujuzi aliopewa na bibi yake, anaitwa mama muuzaji. Nililisema hilo kwa mwenye lupangu. Wengine walikuwa wameshamwambia, na kijana wa bia nyeusi ndiye aliyeshikilia zaidi. Sasa meza ni moja, ndefu, na inaanza na munkoyo. Anayeingia anaonja hapo kwanza. Kwangu mimi hayo ndiyo mabadiliko makubwa tangu jioni hizi zianze, makubwa kuliko bia yoyote mpya.

Katikati ya meza kuna mzee wa Katuba na kibuku chake cha mtama. Kinabaki kizito, cha rangi ya udongo mwekundu, na bado kinachemka kwenye kopo ukikileta sikioni. Unatikisa kwanza, kisha unakunywa bila kungoja, kwa sababu hakikai. Mzee hapendi watu wanaonusa nusa. "Kunywa, mutoto wangu, utanusa kiisha." Kibuku na michopo ya mbuzi yenye pilipili, sijui kitu cha kushindana nacho. Bia nyeusi mimi naipeleka kwa vinkubala vilivyokaangwa vikavu: ule moshi unakutana na kimea kilichoungua kidogo, chumvi inaukata uchungu. Munkoyo na kikanda, ule mkate wa viazi vya okidi na karanga, bila shaka. Kulikuwa na pombe ya asali pia, tamu mno kwa leo.

Mji huu ulianza 1910, mwaka reli ilipofika kutoka kusini, na shaba ikawaita watu kutoka kila upande. Kila aliyekuja alikuja na jungu lake. Ndiyo maana kwenye meza moja unaweza kukuta munkoyo ya Wabemba na Walamba na mtu wa Kasai akikumbuka ya kwao, wote wakibishana kwa Kiswahili juu ya nani mwenye pombe ya kweli. Mabishano hayo nayapenda. Leo yalichukua muda mrefu na michopo ikapoa.

Mama wa munkoyo alisema jambo ambalo sikulitegemea. Zamani mizizi ilikuwa inachimbwa karibu na mji. Siku hizi anayemuuzia anatoka mbali, na fungu limekuwa dogo kwa bei ileile au zaidi. Miombo ya kuzunguka Lubumbashi imekatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa, na mmea wa munkoyo unaota kwenye miombo. Makala yanayopika bukari (ugali) ya mji mzima, pamoja na uji wa mama huyu, yanaondoa msitu wa mzizi wake. Alilisema bila kulalamika, akiwa anafunga nyuzi zilizobaki kwenye kitambaa. Nimewaza tangu jioni kama mtu amejaribu kuupanda lupanguni. Nitamwuliza, na nitawauliza wa kilimo pale Kasapa, chuo kikuu.

Nakimbilia kwenye habari iliyonifurahisha. Kijana wa bia nyeusi alikaa karibu na sufuria muda wote, akiandika. Anataka kupika bia ya mtama. Shida ya mtama ni kwamba kimea chake kina beta-amilasi kidogo, na wanga wake unalainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri, joto ambalo tayari linaanza kuua vimeng'enya. Viwanda vinanunua vimeng'enya vya dukani. Yeye amewaza: apike mtama mpaka ulainike, aupoze mpaka digrii 60, kisha atie mizizi ya munkoyo. Alimweleza mama mpango wote, na digrii zake, na karatasi yake. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza mtama wenyewe ni mwekundu au mweupe, akauliza nani ataosha masufuria.

Wamekubaliana. Watapika baridi ikishaingia, nyumbani kwa mama, kwenye mbabula yake. Masharti aliyotoa ni mawili: mizizi atachagua yeye, na kwenye chupa jina lake litaandikwa juu, la kijana chini yake.