Presi ya pili: nimeacha tani 50, nimechukua ya mkono

Jamani presi ya pili, yaani mashine ya kusukumia beringi na bushi ziingie au zitoke, imefika na juzi nimeshaifunga kwenye benchi, naandika maana kuna jamaa wameniuliza kwa nini nimechukua kidude kidogo vile wakati mwaka mzima nlikuwa naimba habari ya presi yenye nguvu ya tani 50.

Kwa wasionijua, nafanyia kazi nyumbani hapa Uyole, Mbeya, uani, kazi zangu ni beringi na bushi, oltaneta, stata, mota za mashine za kusaga. Presi ya kwanza nliichomelea mwenyewe kwa chaneli, katikati nkasimamisha jeki ya chupa ya tani 20 na springi mbili za kuirudisha. Kwa kazi nzito haina shida kabisa, bushi iliyoshikwa na kutu inatoka yenyewe. Ila kwa vitu vidogo inachosha, beringi 6203 yenye kipenyo cha milimita 40 tu unahamisha pini, unapanga pleti, unafunga valvu, unapampu, ukimaliza unafungua unasubiri springi zivute, na asubuhi za mwezi wa saba huku kwetu oili inakuwa nzito mpaka unaona jeki haitaki kurudi.

Lakini hata hiyo uchelewaji nlishaizoea, kilichonigeuza ni kifuniko cha oltaneta ya Fuso la viazi. Dereva amesimama pale, mzigo wa Isyonje uko juu, mimi naingiza beringi. Ikaenda upande, kidogo mno, sikuona, na jeki ya tani 20 haikuambii kitu, mpini unabaki mlaini vilevile iwe beringi inateleza vizuri au inakula aluminiamu. Nkasikia tak. Ufa kuanzia kwenye tundu la beringi mpaka kwenye sikio la bolti. Kifuniko nlilipa mimi, na usiku sikulala vizuri nikiwaza yule dereva anamwambia nini tajiri wake.

Nkaenda kwa mzee mmoja anayechonga shafti Mwanjelwa, nkamsalimia, nkamweleza mpango wangu wa tani 50. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo tani 20 imekushinda mara ngapi?" Nkafikiria weee, mara moja. Akasema, "Sasa unatafuta nguvu ya nini?" akaendelea na kazi yake.

Basi nkaanza kutafuta presi ya mkono, ile ya meno, ukivuta mpini nguzo inashuka. Nlizikuta mbili, moja mpya ya nusu tani inang'aa, nyingine ya tani moja, imetumika, rangi imetoka. Ile mpya nlishika nguzo nkaitikisa ikacheza, nkaikataa hapohapo. Ya zamani nayo ilicheza kidogo lakini ina skrubu za ubavuni, ukikaza inatulia, nkaweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, ikasimama wima, meno nkayakagua moja moja kwa tochi ya simu. Angalia pia nafasi kutoka kwenye nguzo mpaka mgongo wa presi, yangu ni fupi, ringi ya pikipiki haiingii hata kwa dawa, hizo zitabaki kwa jeki. Na usije ukachomeka bomba kwenye mpini ili upate nguvu zaidi, utavunja meno, na bodi yenyewe ni chuma cha kasti, hakipindi, kinakatika.

Jana nimeingiza beringi ya kwanza, kwenye kifuniko cha oltaneta cha aina ileile. Nkaweka kipande cha bomba kinachogusa ringi ya nje ya beringi peke yake, maana ukisukuma ya ndani gololi ndo zinabeba mzigo na beringi inaanza kulia kabla haijafanya kazi. Nkavuta taratibu. Nusu milimita hivi mpini ukawa mgumu mkononi, mgumu wa ajabu ajabu, nkaacha. Nkachungulia, imelala upande. Nkaitoa, nkafuta tundu, nkazungusha kifuniko robo, nkavuta tena, safari hii ikashuka ugumu uleule mmoja mpaka chini ikagota.

Hela ya tani 50 iliyobaki nanunua skwea nzuri na mabomba ya saizi zote.