Siku moja na trekta la bustani lililokuwa likisinzia

Saa 12:40 asubuhi nilipanda daladala kutoka Arusha mjini kwenda Usa River nikiwa na mkoba wa spana, chupa tupu ya lita moja na kipande cha mpira wa mafuta. Jana yake nilikuwa nimeelezwa kwa simu kwamba trekta dogo la kukatia nyasi la nyumba moja ya wageni linawaka bila shida, linatulia vizuri kwenye sailensa, yaani likiunguruma polepole bila mzigo, lakini likianza kukata halimalizi mistari miwili kabla ya kuzima.

Saa 1:30 nilimkuta mzee anayeliendesha ameshalitoa stoo. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijafungua boneti nilimwomba anieleze linavyozima, kwa kuwa hilo huniokolea nusu ya kazi. Injini inayokatika ghafla, kama taa iliyozimwa, hunipeleka kwenye umeme: swichi ya chini ya kiti, koili inayoipa plagi cheche, au klachi ya umeme ya visu inayovuta kuliko betri iwezavyo kutoa. Inayoshusha mlio, ikahema, ikapanda kidogo kisha ikafa polepole, kwa kawaida ina kiu ya mafuta.

"Halikatiki, mwanangu," mzee alijibu. "Linasinzia."

Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha plagi na kabureta nzima, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na ugonjwa ukabaki palepale. Kabureta hulaumiwa mapema kwa sababu ndiyo inayofahamika.

Saa 2:00 nilichomoa waya wa plagi, nikainua sufuria ya visu na kubandua nyasi mbichi zilizogandamana ndani yake. Nilizungusha visu kwa mkono. Vilikwenda laini, beringi hazikuwa na mkwaruzo. Mzigo wenyewe, basi, haukuwa wa kupita kiasi. Tukajaribu kukata, na likazima katikati ya mstari wa pili.

Saa 3:00 tulirudia, safari hii nikitembea kando yake. Mlio ulipoanza kushuka nilimwambia mzee avute choki nusu, na injini ikapata nguvu upya. Choki hupunguza hewa, kwa hiyo injini inayofurahia choki ikiwa imeshapata moto inakiri kwamba mafuta hayaitoshi. Kwenye sailensa upungufu huo hauonekani, kwa maana injini hunywa kidogo sana. Visu vinapokutana na nyasi, gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini, hufungua njia ya hewa na mafuta ili mizunguko isishuke, na bakuli la kabureta huanza kukauka kwa kasi kuliko linavyojazwa. Nililegeza kifuniko cha tangi, nikidhani huenda tundu lake la hewa limeziba vumbi, lakini hakuna kilichobadilika. Chujio lilikuwa safi.

Saa 4:15, injini ikiwa imepoa, nilichomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, nikauelekeza ndani ya chupa, nikamwomba mzee apige stata. Petroli ilitoka kama mate, tone baada ya tone. Mpira unaotoka tangini, nilipoujaribu peke yake, haukuwa na kizuizi. Ilibaki pampu.

Tangi la trekta hili liko nyuma, chini kuliko kabureta, kwa hiyo mafuta hayawezi kushuka yenyewe. Pampu yake haitumii umeme: ndani mna utando unaosukumwa na kuvutwa na mapigo ya shinikizo kutoka chumba cha krenki, yaani tumbo la injini, na mapigo hayo hupita katika mpira mwembamba wa pembeni. Kwa juu mpira ule ulionekana mzima kabisa. Nilipitisha kidole upande wa chini, kikarudi na oili. Niliupinda kidogo, na ufa ukafunguka kama mdomo wa samaki. Nilipouachia, ukafumba, usiweze kujua ulikuwa wapi.

Mpira niliokuja nao ulikuwa mpana mno, kosa langu mwenyewe. Nilipoteza karibu saa tatu nikizunguka maduka ya vipuri hadi nikapata unaolingana, unaostahimili oili, kwenye duka la vipuri vya pikipiki.

Saa 8:20 mchana niliufunga kwa klempu mbili, mbali na bati lililokuwa likiukwaruza ule wa zamani. Stata ilipopigwa tena, petroli iliruka ndani ya chupa kwa mikupuo mizito. Mzee alilipeleka trekta moja kwa moja kwenye mteremko wa uzioni, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimefika magotini, akapanda nao na kushuka nao bila mlio kuyumba.

Saa 10:00 msimamizi aliisoma ankara yangu mara mbili: ufundi, klempu mbili na sentimita 20 za mpira. Kabureta ya zamani ilikuwa bado kwenye boksi stoo. Niliisafisha, nikaiandika "NZIMA" kwa rangi nyeupe, nikamkabidhi.