Themostati ya koridoni na baridi ya mama

Nyumba yetu ya hapa Minneapolis tuliikuta na themostati, kifaa cha ukutani cha kupanga joto la nyumba, ya duara ya Honeywell, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1953. Unaizungusha tu, basi. Ndani ina kichupa cha zebaki, kwa hiyo nilipoing'oa sikuitupa kwenye pipa, niliipeleka kituo cha kaunti kinachopokea taka za hatari.

Niliing'oa kwa sababu ya kazi, nilitaka inayobadilisha joto yenyewe kwa saa nilizoipangia. Nahudumia wazee kwa zamu za usiku, usiku 4 kwa wiki, na nikirudi nalala mchana. Themostati nyingi za bei ya chini hupangwa kwa "5-2": Jumatatu hadi Ijumaa saa zilezile, Jumamosi na Jumapili saa nyingine. Hiyo inamfaa anayetoka asubuhi na kurudi jioni. Mtu wa zamu atafute ya siku 7, kila siku iwe na saa zake.

Mimi nikavutiwa na inayojifunza yenyewe mazoea ya nyumba. Asipopita mtu mbele yake kwa muda, inahesabu nyumba ni tupu na kushusha joto. Tukaifunga koridoni.

Januari ile mama alikuwa amekuja kutoka Tanga. Siku moja nilikuwa na mafunzo ya mchana. Narudi saa nane, nje baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, namkuta kitandani amevaa koti langu juu ya kanga mbili, tasbihi mkononi. "Mwanangu, mbona humu ndani nako kuna baridi?" Chumba chake kina choo humohumo, kwa hiyo koridoni hakuwa amepita. Themostati ilisoma Farenhaiti 60, kama Selsiasi 16. Iliniuma sana.

Ya sasa ina kisensa kidogo, kipima joto cha kuweka chumba unachotaka. Kampuni ya ecobee ya Kanada ilitoa ecobee3 yenye visensa hivyo mwaka 2014. Siku hizi na wengine wanavyo. Changu kiko juu ya meza ya mama, joto linapimwa pale alipo.

Kabla hujalipia themostati mpya, zima umeme wa hita, fungua kifuniko cha themostati ya zamani uhesabu nyaya. Kwetu zilikuwa 2 tu, R wa umeme na W wa kuwasha hita. Za waifai nyingi hutaka na waya wa C, unaokamilisha njia ya umeme ili themostati ipate volti 24 muda wote, na ilibidi fundi avute waya mpya kutoka besmenti. Kama huwezi gharama hiyo, nunua inayotumia betri, ile ya kupangwa siku 7. Kwangu hiyo ni bora kuliko ile inayojifunza.

Kuhusu bili, Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha Farenhaiti 7 hadi 10 kwa saa 8 kila siku, unaweza kuokoa mpaka asilimia 10 kwa mwaka. Sisi tunatumia gesi. Mwenye hita ya pampu, inayovuta joto la nje kuliingiza ndani, asishushe sana, kwani wakati wa kupandisha tena hita ya umeme ya akiba inaweza kuwaka, na hiyo inakula umeme.

Mama anarudi Novemba. Chumba chake nimekipangia Farenhaiti 72 kuanzia saa kumi na moja alfajiri, aamkapo kutawadha.