Shingo za Lino Tagliapietra

Wengi wanaozisifu kazi za Lino Tagliapietra, fundi wa kioo kutoka Italia, husifu rangi. Rangi ni nzuri, sibishi. Lakini jioni hii nimezirudia picha za vyombo vyake vya mfululizo uitwao Dinosaur, na jicho limeng'ang'ania shingo. Tumbo la chombo ni pana na tulivu. Kisha shingo inachomoza, inarefuka na kupinda kama ya korongo, na mistari myembamba iliyoanzia kitakoni inapanda nayo hadi mdomoni bila kukatika. Anayeijua kazi ya moto akiiona shingo hiyo hunyamaza kwanza.

Mistari ile haikuchorwa. Ni fito za kioo. Fundi huchota tonge la kioo angavu kwa ncha ya fimbo ya chuma, hulivika rangi, hulivingirisha juu ya meza ya chuma, kisha hulirudisha motoni mpaka lilainike sawasawa nje na ndani. Msaidizi huleta fimbo ya pili na kuinasa ncha iliyo wazi. Hapo wawili hao huachana kinyumenyume, kioo kikining'inia kati yao kama kamba ya kuanikia nguo, hadi kigande. Hupatikana mita kadhaa za ufito wenye unene wa penseli au pungufu, na unene huo huamuliwa na mwendo wao: wakiharakisha unakuwa uzi, wakisita unabaki na vifundo. Wakizungusha fimbo huku wakivuta, rangi za ndani hujisokota. Murano, visiwa vya mafundi wa kioo karibu na Venice, mtindo huo huitwa zanfirico.

Fito hizi ni ukoo mmoja na shanga za Venice zilizoshushwa Zanzibar karne ya 19 na kubebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji. Sami-sami, ile nyekundu yenye moyo mweupe, ilikuwa kipande cha ufito wenye tundu katikati.

Baada ya kukatwa vipande vya kama sentimita 10, fito hupangwa bega kwa bega juu ya sahani ya udongo na kupashwa joto polepole hadi karibu nyuzi 550 za Selsiasi. Ukiziingiza kwenye moto mkali zikiwa baridi, zitapasuka na kurukaruka. Zikishapata joto hilo ndipo huingizwa kwenye moto mkali, na zikishashikana, fundi huja na bomba la kupulizia lenye pete ya kioo cha moto mwishoni na kuvingirisha safu yote juu yake kama anayekunja mkeka. Hapa hesabu haina huruma: mzingo wa pete lazima ulingane na upana wa safu. Pete ya kipenyo cha sentimita 8 inataka safu ya sentimita 25, yaani fito 42 za milimita 6. Safu ikipungua, panabaki ufa; ikizidi, fito mbili hupandana, na kovu hilo litarefuka pamoja na chombo. Kisha ncha ya chini hubanwa kwa koleo ili mistari yote ikutane nukta moja. Nukta ikienda kando, chombo kizima kitazunguka kombo.

Sasa shingo. Unapuliza, unarudisha motoni, unatengeneza umbo kwa gazeti lililoloweshwa maji na kukunjwa, na muda wote bomba halikomi kuzunguka, maana kioo laini huporomokea kule ambako dunia inakivuta. Ubaya wa ukuta usio sawa ni kwamba kosa lake hujilisha lenyewe. Upande mwembamba hupata joto haraka, hulegea mapema, huvutika zaidi, na hivyo huzidi kuwa mwembamba. Tofauti ambayo tumboni hakuna anayeiona, kwenye shingo iliyovutwa mara tano ya urefu wake inakuwa upogo. Na rangi nazo zina tabia zake: moja hulegea mapema, nyingine hukaidi, ndipo mistari inapovimba au kuyumba. Wakati shingo inalainishwa kwa mwali ili ipindwe, tumbo linapoa. Likiachwa lishuke chini ya nyuzi 500 hivi, linapasuka, na kazi ya saa nzima iko sakafuni. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kulipasha tumbo, mwingine wa kushika mdomo, na fundi mkuu wa kusema sasa. Mwaliko wa kioo kukubali kupinda hudumu sekunde chache tu.

Kioo chenyewe nacho kina neno. Karakana ya Kitengela, nje ya Nairobi, hupuliza vioo vya madirisha vilivyovunjika vikayeyushwa upya. Hicho huganda haraka, kinadai mikono ya mbio na maumbo mazito. Kioo cha Murano kina soda nyingi zaidi, hubaki laini muda mrefu, na shingo ndefu huzaliwa ndani ya muda huo wa ziada. Kazi za aina mbili, heshima sawa.

Baada ya moto, tanuri la kupozea. Chombo hushikiliwa karibu nyuzi 500, kisha hushushwa polepole usiku kucha au zaidi. Ratiba hufuata sehemu nene kuliko zote, yaani kitako, hata kama shingo imekuwa tayari kitambo. Ukiharakisha, mkazo hubaki ndani na chombo huweza kupasuka siku kadhaa baadaye kikiwa kimetulia rafuni.

Tagliapietra aliongeza hatua ambayo wengi huiogopa: kukichonga kioo kikiwa baridi. Gurudumu la kusagia, maji yakitiririka bila kukoma, hutia vijishimo vidogo mwili mzima. Mtindo huo huitwa battuto. Ukiwa wa mistari myembamba, ni inciso. Maji yakikatika, msuguano huchoma sehemu moja na ufa hutokea. Faida yake ni kuuondoa mng'ao wa juu, mwanga ukaingia na kukaa ndani ya fito.

Alizaliwa Murano mwaka 1934, akaingia karakana akiwa na miaka 11, na alipofika 21 alikuwa maestro, yaani fundi mkuu. Visiwani humo tanuri zilihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto mjini Venice, na kwa karne nyingi siri za ufundi zililindwa kwa sheria kali. Mwaka 1979 yeye alikwenda kufundisha kwenye shule ya Pilchuck, jimbo la Washington, Marekani, akaonyesha wazi yale ambayo wazee walikuwa wakiyaficha. Ninauheshimu uamuzi huo kama ninavyoiheshimu mikono yake.

Ukikipata chombo chake mbele yako, chagua mstari mmoja kitakoni na uufuate. Penye pindo la shingo, tazama mgongo, ambako kioo kimenyooshwa, kisha tazama koo, ambako kimebanwa. Kwa fundi wa kawaida mgongoni mistari huachana na kooni hujikunja mikunjo. Kwake nafasi hubadilika taratibu, mstari kwa mstari, hadi mdomoni.