Vileja vya dalali: kumbukumbu ya jikoni, Shaaban hadi Mfunguo Mosi

Shaaban, wiki ya mwisho

Wenzangu wanavunja jungu, mimi nimevunja vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele, thelathini kwa mpigo. Nimevitoa kwenye oveni vikiwa vyeupe, vizuri, kila kimoja na nukta yake nyekundu kichwani. Nikakigusa cha kwanza kwa ncha ya kidole, kikafumuka kikawa unga. Cha pili vivyo hivyo. Nimekaa chini jikoni nikala mchanga wenye iliki kwa kijiko. Utamu upo, siwezi kukana, ila kitu kinacholiwa kwa kijiko si kileja.

Niandike kwanza nimefikaje hapa, maana nikiacha nitasahau. Mimi ni dalali wa nyumba. Eneo langu ni Magomeni, Mwananyamala, Kinondoni, na nikipata mteja wa kueleweka nafika Sinza. Natafutia watu chumba kimoja, chumba na sebule, masta (chumba chenye choo na bafu ndani), mara mojamoja fremu ya biashara. Mteja wa Dar akiambiwa alipe miezi sita kwa mkupuo, na juu yake mwezi mmoja wa dalali, ana kila haki ya kuninunia. Tunazunguka juani, viatu vimejaa vumbi, yeye ananiona mwizi, mwenye nyumba naye ananiona mbeya. Mwaka jana nikaanza kubeba kopo la vitamu kwenye mkoba. Si ujanja wa biashara. Niliona aibu tu kula peke yangu nikiwa nimekaa kwenye ngazi na mtu mwenye njaa tukimsubiri mwenye funguo.

Nimejaribu vingi. Kashata za karanga zinang'ang'ania menoni na mtu hawezi kuuliza kuhusu maji na choo. Kaimati zina shira, zimeshaniharibia mikataba miwili. Msimu wa embe nilioka keki ya embe bolibo, ikatoka na tope katikati kwa sababu bolibo ni maji matupu; labda ningetumia dodo. Kileja ndicho kinachofaa: hakinati, hakivuji, kinakaa kwenye kopo wiki mbili bila kuchacha, na kinaliwa kwa mara mbili. Shida ni kwamba nilikuwa nanunua. Mwaka huu nimejiapiza, vya Idd nitavioka mwenyewe, kwa kipimo cha marehemu bibi yetu wa Pangani.

Kipimo chenyewe nimekipata kwa simu kutoka kwa shangazi yuko Tanga:

"Shikamoo shangazi. Vileja vya bibi, unga kiasi gani?"

"Marahaba mwanangu. Unga wa mchele vikombe vitatu, sukari kikombe, samli kikombe isijae sana, viini vya mayai vinne. Iliki kiasi."

"Kiasi ni kijiko kimoja?"

"Kiasi ni kiasi. Utasikia harufu."

Chungu cha 3 (siku ya tatu ya Ramadhani)

Mchana siwezi kuonja, kwa hiyo oveni inawashwa baada ya tarawehe. Oveni yenyewe ni ya umeme, ya kuweka mezani, niliinunua kwa mpangaji wangu wa Kinondoni aliyehamia Dodoma na hakutaka kuibeba. Namba zake ni za uongo. Ukiweka 180 chini panaungua na juu pabichi. Nimejifunza kuweka 160, trei iwe ya juu, dakika 25, na nisifungue mlango mpaka zifike 20. Kileja hakitakiwi kuwa cha kahawia. Kikibadilika rangi, kimeshaungua.

Leo nilidhani nimepata dawa. Kama vinamomonyoka, si mafuta yamepungua? Nikaongeza samli robo kikombe. Basi vikatandazika kwenye trei vikashikana, nikatoa kitu kimoja kipana kama mkate wa sinia uliokanyagwa na gari. Tena kimelowa mafuta, karatasi chini ikawa inang'aa.

Kosa la pili nililijua mwenyewe, na lilikuwa la joto. Machi hii samli haigandi mchana wala usiku. Inakaa kwenye kopo kama mafuta ya kula. Na vileja havitaki samli ya maji. Samli na sukari vinatakiwa vipigwe pamoja kwa mwiko mpaka viwe vyeupe na vyepesi kama povu la sabuni, na samli iliyoyeyuka haipigiki, inazunguka tu. Nimeweka bakuli la samli ndani ya beseni la maji ya baridi, nikasubiri nusu saa ikashika. Sukari nayo niliitwanga kwanza kwenye kinu kile kile cha iliki. Hapo ikapigika.

Ila bado vikamomonyoka. Havikutandazika safari hii, lakini vilikatika vipande vipande.

Chungu cha 8

Sikuoka. Umeme wa luku uliisha saa nne usiku na nilikuwa na wateja wa asubuhi.

Chungu cha 11

Nimepata sababu ya kumomonyoka, au nusu yake. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano. Ngano ukiikanda inajishika yenyewe, ndiyo maana chapati inavutika. Mchele haujui kushikana. Kinachoushika ni kiini cha yai, na samli ikipoa ikaganda. Kwa hiyo kwanza viini vitoshe. Pili, kileja kikitoka motoni hakiguswi. Mimi nilikuwa navibandua vikiwa vya moto, papara ya mfungaji. Sasa naacha trei juu ya meza hadi ipoe kabisa, karibu saa nzima, ndipo nabandua.

Vya leo vilibanduka vizima kumi na viwili kati ya ishirini na nane. Vilivyobaki nimevisaga nikamwagia juu ya uji wa futari, mume wangu akauliza kama ni aina mpya ya uji. Nikasema ndiyo.

Lakini viini vinne nimeweka, kama nilivyoambiwa. Kwa nini havitoshi? Mayai ya zamani yalikuwa makubwa? Ya kienyeji ni madogo kuliko haya ya kisasa, kwa hiyo hapo hesabu inazidi kunigomea.

Chungu cha 14

Kando kidogo: mkate wa kumimina. Mwenye nyumba wangu mmoja wa Magomeni, mama wa makamo, mkali, ambaye kwa miaka mitatu hajaniita kwa jina lolote zaidi ya "wewe dalali", aliniona na kopo muda wa kufuturu. Akachukua kileja kilichovunjika, akatafuna, akasema, "Mchele mzuri. Mkono bado." Kisha akanikaribisha futari, na mkate wake wa kumimina nitaukumbuka hadi uzee.

Nimemuuliza. Mchele analoweka tangu usiku, anausaga na tui la kwanza hadi ukiusugua kati ya vidole usisikie chenga hata moja. Anatia sukari, iliki, hamira. Anauacha uumuke, na ukishaumuka haukorogi tena. Mwiko ukiingia hewa yote inatoka na mkate unalala. Sufuria inapakwa mafuta na kupata moto kwanza, ndipo anamimina. Makaa chini machache, juu ya mfuniko mengi. Hayo ya juu ndiyo yanayoivisha uso. Ananusa badala ya kufunua: ukianza kunukia nazi iliyochomeka, umekuwa.

Nimejaribu kwangu kwenye oveni. Uliiva, ulikuwa mtamu, lakini haukuwa na matundu. Tui langu lilikuwa bado la moto nilipotia hamira, nikaiua. Vuguvugu, kidole kivumilie, ndicho kipimo. Nitarudia siku nyingine. Mwezi huu naweza kupigana na adui mmoja tu.

Chungu cha 17

Leo ndiyo siku.

Nilikuwa nampigia shangazi kulalamika, na katikati ya malalamiko nikasema, "nikijaza kikombe cha chai". Akanikatiza.

"Kikombe gani cha chai?"

"Kikombe, shangazi. Hiki cha chai ya asubuhi."

"We mtoto! Mimi nimesema kikombe cha bibi. Kile cha bati, cheupe, chenye mstari wa buluu mdomoni. Kipo kabatini hapa, nakiona."

Nimempa nusu saa akipime, akapata chupa ya dawa ya watoto yenye alama za mililita, akawa anamimina na kuhesabu huku mimi nimeshikilia simu. Kikombe cha bibi kinaingia mililita 180. Nikapima changu: 300.

Nilikaa kimya. Wiki tatu. Unga, sukari na samli nilikuwa naweka zaidi ya mara moja na nusu ya vile vya bibi, lakini mayai hayajui kikombe, yalibaki manne. Kwa vikombe vyangu nilitakiwa viini karibu saba. Kila kitu kilikuwa sawasawa isipokuwa kile kinachoshikilia.

Usiku huo huo nilipima kwa 180. Kwa mizani ya jikoni imekuja hivi: unga gramu 350, sukari 150, samli 165, viini vinne. Iliki niliyotwanga mwenyewe, punje kumi na mbili, na hapo ndipo nilipoisikia harufu aliyosema shangazi. Maji ya waridi matone machache. Unga ukitiwa usikandwe, unakusanywa tu kwa vidole hadi ukifinya ngumi ushikane na ukifungua mkono ubaki na alama za vidole. Ukimomonyoka kwenye kiganja, utamomonyoka mdomoni. Kijipira kama limau dogo, kinabanwa juu kidogo kwa kidole gumba, nukta ya rangi.

Vimetoka 36. Vimepoa saa nzima nikizunguka meza kama mlinzi. Nimebandua 36. Nilikula kimoja saa sita na nusu usiku nimesimama. Kinashika mkononi, kinaachia ulimini. Kinakuwa poda pale tu kinapotakiwa kuwa poda.

Chungu cha 22

Mteja wa leo ni kijana kaajiriwa karibuni, anatafuta masta Mwananyamala. Vyumba vitatu vyote hakupenda. Cha kwanza hakina dirisha la maana, cha pili maji ni ya kuteka, cha tatu mwenye nyumba anataka mwaka mzima. Alikuwa amefunga na mimi nimefunga, tumekaa kimya kwenye bajaji tukichoka kwa pamoja. Nikamwambia ukweli kuhusu cha nne kabla hatujafika: mvua ikinyesha uani panajaa. Akashangaa dalali kusema hivyo. Tukaachana bila chumba, nikampa vileja sita kwenye mfuko, vya kufuturu.

Baada ya magharibi akapiga simu. Nikajua ni chumba cha nne. "Dada, samahani, vile vitu mlivyonipa vinaitwaje? Mama yangu yuko Singida, nataka nimwelezee."

Chungu cha 27

Nilitaka kuongeza visheti. Mvua za masika zimeanza, na nilionywa sikusikia. Kukaanga hakuna shida. Shida ni shira: inatakiwa ichemke hadi ivute uzi mzito, unamwaga visheti ndani, unarusharusha sufuria hadi sukari ianze kuwa nyeupe na kukauka juu yake. Ikakauka, nikafurahi. Asubuhi vilikuwa vinatoka jasho. Hewa imejaa maji na sukari inayanywa. Vimebaki vya kunata kama kaimati, watoto wa jirani wamevimaliza bila kulalamika.

Vileja kwenye kopo lililofungwa vizuri, hata dalili.

Mfunguo Mosi

Trei tatu jana usiku, 108 jumla, havijavunjika zaidi ya vinne, na viwili kati ya hivyo nilivivunja makusudi nikavila. Nimepanga kwenye sahani saba, juu kawa. Walinzi wa nyumba mbili za Kinondoni, wapangaji wangu wa Sinza waliokosana kwa sababu ya bili ya maji, fundi bomba, mke wa mwenye fremu, jirani wa kushoto, jirani wa kulia. Sahani ya saba ilikwenda Magomeni.

"Shikamoo mama. Idd Mubarak."

"Marahaba. Ingia, usisimame mlangoni kama mtu wa luku." Akachukua kimoja, akakibana kwa vidole viwili akikiangalia dhidi ya mwanga, akakila. Akachukua cha pili. "Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu. Wa Pangani."

"Kipimo?"

Nikacheka, nikamwambia habari ya kikombe cha bati. Akaenda jikoni, nikasikia makabati yanafunguliwa, akarudi na kikombe chake mwenyewe, cha plastiki, cha njano, kimepasuka mpini. "Changu hiki. Cha mkate. Usimwambie mtu." Sahani yangu imerudi na vipande vinne vya mkate wa kumimina, wenye matundu.

Shangazi alitaka kunitumia kikombe cha bibi kwa basi, nikapokee stendi ya Mbezi. Nimemkatalia, kikipotea njiani nitamwambia nini. Badala yake nimechukua kikombe changu cha chai, nikamimina maji mililita 180, nikachora mstari kwa nje kwa rangi ya kucha, nyekundu. Mume wangu asubuhi amekunywa chai hadi kwenye mstari, akauliza kama amewekewa mgao.

Kopo lina vileja kumi na moja. Kesho saa tatu nina watu wawili Sinza, chumba na sebule, na mwenye funguo ni yule anayechelewa.